Kupeana mikono kumekwisha au bado? Jinsi maktaba za TLS zinavyofuatilia hali ya muunganisho

TLS ni itifaki inayosimba mawasiliano ya mtandaoni, na kila muunganisho wake huanza kwa kupeana mikono: mazungumzo ambamo mteja na seva hukubaliana toleo na funguo. Katika OpenSSL, mojawapo ya maktaba za TLS, kuna mstari mmoja wa logi ambao umewapotezea watu wengi muda bila sababu:

```
SSL_connect:error in SSLv3/TLS write client hello
```

Anayekutana nao kwa mara ya kwanza husoma mambo matatu: kwamba kuna kosa, kwamba muunganisho unatumia SSLv3 ya kale, na kwamba programu imeshindwa kuandika ujumbe wake wa kwanza. Kwa kawaida hakuna hata moja lililo kweli. Soketi ni ya aina isiyosubiri, jibu halijafika, basi maktaba imerudisha udhibiti kwa programu iliyoiita. "SSLv3/TLS" ni lebo tu, inayobandikwa kwenye jumbe zote ambazo TLS imezirithi tangu enzi za SSLv3, hata kama toleo lililokubaliwa ni TLS 1.3. Na ujumbe wa kwanza umeshaandikwa zamani. Kinachokosekana ni jibu la seva.

Ili mstari huo usomeke sawasawa, lazima kujua maktaba inahesabu nini inaposema "hali". Mifano mingi hapa ni ya OpenSSL kwa sababu ndiyo inayokutwa mahali pengi zaidi, lakini mitego ni ileile kwa maktaba nyingine.

Jina la hali linataja kilichopita

Tangu toleo 1.1.0 la mwaka 2016, OpenSSL ina mashine mbili za hali zinazokwenda bega kwa bega. Moja inashughulikia mtiririko: muunganisho haujaanza, unasoma, unaandika, umemaliza, au umeharibika. Ya pili inashughulikia mazungumzo yenyewe, yaani ni ujumbe upi ulioshughulikiwa mwisho. Zamani mambo haya mawili yalibebwa na namba moja. Ndiyo maana msimbo wa miaka hiyo umejaa majina kama `SSL3_ST_CW_CLNT_HELLO_A` na pacha wake wa `_B`: A ni ujumbe unaoandaliwa, B ni ujumbe ulioandaliwa lakini haujatoka wote kwenye soketi. Kazi hiyo ya A na B sasa imehamia kwenye mashine ya mtiririko, na orodha ya hali ikawa fupi.

Majina ya sasa ni mepesi ukizijua herufi mbili za katikati. CW ni mteja anaandika, CR ni mteja anasoma, SW ni seva inaandika, SR ni seva inasoma. `TLS_ST_CR_CERT` basi ni mteja na cheti alichokipokea, na `TLS_ST_SW_SRVR_HELLO` ni seva na salamu iliyoitoa. Chache hazina upande. Kati yake, `TLS_ST_BEFORE`, yenye thamani 0, ni kabla ya lolote, na `TLS_ST_OK`, yenye thamani 1, ni baada ya kumaliza.

Hapa ndipo watu wanapojikwaa. RFC 8446, waraka wa Agosti 2018 unaoifafanua TLS 1.3, una michoro ya hali katika kiambatisho chake cha kwanza, na michoro hiyo inaita hali kwa jina la kinachosubiriwa: WAIT_SH ni mteja anayesubiri salamu ya seva, WAIT_CV ni anayesubiri uthibitisho wa cheti, na kadhalika hadi CONNECTED. OpenSSL inaita hali kwa jina la kilichokwisha kupita. Sekunde ileile ambayo RFC inaiita WAIT_SH, OpenSSL inaiita "imeandika ClientHello", yaani salamu ya mteja. Ukikaa na waraka mkono mmoja na logi mkono wa pili bila kulijua hili, kila mstari utakuonyesha hatua moja nyuma ya pale ulipo.

Amri `openssl s_client -connect example.com:443 -state` inaonyesha jambo hili waziwazi. Mwanzo wa kupeana mikono kwa TLS 1.3 hutoka hivi:

```
SSL_connect:before SSL initialization
SSL_connect:SSLv3/TLS write client hello
SSL_connect:SSLv3/TLS write client hello
SSL_connect:SSLv3/TLS read server hello
SSL_connect:TLSv1.3 read encrypted extensions
SSL_connect:SSLv3/TLS read server certificate
SSL_connect:TLSv1.3 read server certificate verify
SSL_connect:SSLv3/TLS read finished
SSL_connect:SSLv3/TLS write change cipher spec
SSL_connect:SSLv3/TLS write finished
```

Mstari wa ClientHello umejirudia, na wapo wanaodhani ujumbe umetumwa mara mbili. Haukutumwa mara mbili. Maktaba huita fanksheni ya taarifa pale hali inapokaribia kubadilika, kabla haijabadilika. Mara ya kwanza ni baada ya kuandika, mashine inapouliza kama kuna kingine cha kuandika na kuambiwa hakuna. Mara ya pili ni pale kichwa cha jibu la seva kinapofika na mashine inajiandaa kuiacha hali hiyo. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo unapokaa muda wa safari ya kwenda na kurudi mtandaoni. Ukitaka kujua seva imechukua muda gani kujibu, pima hapo.

Baiti 4 za kwanza

Kila ujumbe wa kupeana mikono huanza na kichwa cha baiti 4: moja ya aina, tatu za urefu. Aina 1 ni ClientHello, 2 ni ServerHello, 11 ni cheti, 15 ni uthibitisho wa cheti, 20 ni Finished, ujumbe wa kumalizia unaothibitisha muhtasari wa mazungumzo. Maktaba iliyoandikwa vizuri husoma hizo 4 kwanza na kusimama. Mwili wa ujumbe haujaguswa bado. Swali linaloulizwa ni moja: kutoka hali tuliyomo, ujumbe wa aina hii una ruhusa ya kuja sasa? Kama hauna, muunganisho unakatwa papo hapo kwa onyo namba 10, `unexpected_message`.

Ukiruhusiwa, urefu uliotajwa unalinganishwa na kikomo cha aina hiyo. Hatua hii isidharauliwe. Baiti tatu za urefu zinaweza kudai hadi baiti 16,777,215, na aliye upande wa pili kwa wakati huo ni mtu asiyejulikana kabisa. Hakuna sababu ya kumtengea megabaiti 16 za kumbukumbu eti kwa sababu kaandika namba kubwa. Kwa mlolongo wa vyeti, kikomo cha kawaida cha OpenSSL ni kilobaiti 100. Mlolongo mrefu kupita kiasi ukigonga hapo, unaomba nafasi zaidi kwa `SSL_CTX_set_max_cert_list`, ingawa mara nyingi dawa halisi ni kuondoa vyeti visivyohitajika upande wa pili. Baada ya hapo ndipo mwili unasomwa, na baada ya kusomwa wote ndipo unachakatwa.

Chini ya jumbe kuna rekodi. Rekodi ina kichwa chake cha baiti 5 na hubeba data isiyozidi baiti 16,384 kabla ya kusimbwa. Ujumbe mmoja unaweza kukatwa ukaenea kwenye rekodi kadhaa, na rekodi moja inaweza kubeba jumbe tatu au nne kwa pamoja. Pakiti za TCP nazo zina mipaka yake isiyohusiana na hiyo yote. Kwa hiyo programu inayojaribu kukisia hatua iliyofikiwa kwa kuhesabu ni mara ngapi soketi imesomeka inajidanganya. Kusoma mara moja kunaweza kusogeza hali nne mbele, au kusisogeze hata moja.

Kuna mpaka mmoja wa rekodi ambao ni sheria: pale funguo zinapobadilika. Katika TLS 1.3, ujumbe unaotangulia mabadiliko ya funguo lazima uishie pale rekodi inapoishia. Ikiwa baada ya ServerHello kumebaki baiti ndani ya rekodi ileile isiyosimbwa, mteja anatakiwa akate muunganisho, tena kwa onyo namba 10. Bila sheria hii, mtu wa kati, yaani mshambuliaji aliyekaa baina ya mteja na seva, angeweza kupachika mwanzo wa ujumbe kwa maandishi ya wazi na mwendelezo wake ukaja umesimbwa, na msomaji akauona kama ujumbe mmoja halali.

Orodha ya ruhusa haitoshi peke yake

Katika TLS 1.2, mteja hutuma ClientHello. Seva hujibu kwa ServerHello, cheti, ServerKeyExchange (sehemu ya seva ya makubaliano ya ufunguo) ikihitajika, ombi la cheti cha mteja ikitaka, kisha ServerHelloDone. Mteja hurudi na ClientKeyExchange (sehemu yake ya makubaliano hayo), ChangeCipherSpec (tangazo kwamba kinachofuata kinasimbwa) na Finished, na seva humaliza kwa ChangeCipherSpec na Finished zake. Hizo ni safari mbili za kwenda na kurudi. TLS 1.3 imezipunguza kuwa moja: seva ikishatoa ServerHello, kila kinachofuata kinasimbwa, na mteja anaweza kutuma data mara tu baada ya Finished yake. Ikiwa mteja hakutuma ufunguo wa aina ambayo seva inaitaka, seva hujibu kwa HelloRetryRequest na mteja hurudia salamu yake, lakini mara moja tu. Ombi la pili la kurudia ni sababu ya kukata.

Neno gumu katika aya iliyotangulia ni "ikihitajika". ServerKeyExchange ni lazima pale makubaliano ya ufunguo yanapofanywa kwa ECDHE (pande mbili zinatengeneza ufunguo pamoja), na ni marufuku pale ufunguo unaposafirishwa kwa RSA ya kawaida. Maana yake jedwali linalosema "baada ya cheti, aina 12 au 13 au 14 zinaruhusiwa" halijakamilika. Ruhusa inategemea hali pamoja na yale yaliyokubaliwa kwenye salamu: toleo, aina ya usimbaji, viendelezi, kama kikao ni kipya au kinaendelezwa. Kosa la aina hii ndilo lililozaa shambulio la FREAK mwaka 2015, CVE-2015-0204 (CVE ni namba ya udhaifu katika orodha ya umma). Mteja wa OpenSSL aliyekuwa ameomba RSA imara alikuwa tayari kupokea ServerKeyExchange yenye ufunguo dhaifu wa RSA wa daraja la "export", biti 512, kana kwamba ndivyo walivyokubaliana. Ujumbe wenyewe ulikuwa halali kwa mazungumzo ya aina nyingine. Haukuwa na haki ya kuwa kwenye mazungumzo hayo.

Watafiti waliochunguza maktaba mbalimbali kipindi hicho waligundua kwamba tatizo lina asili moja. Mwandishi anaandika mashine ya hali kwa kila namna ya kupeana mikono, halafu anaziunganisha ziwe moja, na katika kuunganisha anaruhusu njia ambazo hakuna namna yoyote iliyozikusudia. Utekelezaji wa TLS wa Java ulikuwa na mfano wa kutisha, CVE-2014-6593: seva ilimpa mteja cheti cha mtu mwingine, ikaruka hatua zote za makubaliano ya ufunguo, ikatuma Finished moja kwa moja, na mteja akakubali. Data ikaanza kwenda bila kusimbwa, huku programu ikiamini inazungumza na mwenye cheti.

ChangeCipherSpec inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Katika TLS 1.2, huu si ujumbe wa kupeana mikono kabisa. Una aina yake ya rekodi, namba 20, na mwili wake ni baiti moja yenye thamani 1. Kwa kuwa si sehemu ya kupeana mikono, hauingii kwenye muhtasari wa mazungumzo ambao Finished inauthibitisha. Yaani mtu wa kati akiuingiza au kuuondoa, hesabu ya Finished haitamfichua kwa hilo. Kitu pekee kinacholinda nafasi yake ni mashine ya hali. Hadi Juni 2014 mashine ya OpenSSL haikuilinda nafasi hiyo: ilipokea ChangeCipherSpec hata kabla siri kuu haijatengenezwa, ikatengeneza funguo kutokana na siri tupu, na mtu wa kati aliyeutuma ujumbe huo mapema pande zote mbili akawa anazijua funguo. Hiyo ni CVE-2014-0224, iliyogunduliwa na Masashi Kikuchi, na dawa yake ilikuwa bendera ndogo inayosema "sasa ndipo ChangeCipherSpec inaruhusiwa". TLS 1.3 imeondoa maana ya ujumbe huo, lakini bado unatumwa ili vifaa vya mtandao vya zamani visishtuke. Mpokeaji anautupa, mradi umekuja kati ya ClientHello ya kwanza na Finished ya upande wa pili. Nje ya dirisha hilo, ni kosa.

Na si TLS peke yake. Mwaka 2018 libssh, maktaba ya SSH (itifaki ya kuingia kwenye kompyuta za mbali), ilikutwa na tundu la ukoo huohuo, CVE-2018-10933. Ujumbe namba 52 wa SSH, ambao seva humtumia mteja kumwambia "umethibitishwa", ulipotumwa na mteja kwenda kwa seva, seva iliupokea na kujiweka katika hali ya aliyethibitisha. Nywila haikuulizwa. Marekebisho yalitoka katika matoleo 0.8.4 na 0.7.6. Somo kwa anayeandika jedwali la hali ni kwamba upande ni sehemu ya ufunguo wa jedwali. Mteja na seva wasishiriki orodha moja ya ruhusa.

"Imekwisha" ya nani?

Programu nyingi zinataka jibu moja tu: naweza kutuma data? OpenSSL inatoa maswali matatu ya ndiyo au hapana. `SSL_in_before` inasema kama kupeana mikono hakujaanza. `SSL_in_init` inasema kama mashine inashughulikia au inasubiri jumbe za kupeana mikono. `SSL_is_init_finished` inasema kama muunganisho umefika mahali ambapo data inayolindwa kikamilifu inaweza kupita.

Mtu angetarajia kwamba wakati wowote moja kati ya hizo tatu itajibu 1. Sivyo. Wakati data ya mapema ya TLS 1.3, yaani inayotumwa kabla kupeana mikono hakujaisha, inasafirishwa, zote tatu zinaweza kujibu 0: mazungumzo yameanza, mashine imesitishwa kwa muda ili kupisha data, na ulinzi kamili haujafika. Kwa hiyo `!SSL_in_init(ssl)` si sawa na `SSL_is_init_finished(ssl)`. Anayetaka uhakika wa ulinzi kamili aulize swali la tatu, asifanye kinyume cha la pili.

`SSL_get_state` ipo pia, nayo inarudisha hali yenyewe. Itumie kwenye logi. Usiitumie kufanya uamuzi. Programu zilizokuwa zikilinganisha namba za hali zilivunjika 1.1.0 ilipokuja, kwa sababu namba zilibadilika na nyingine zikafutwa, na uwezo wa programu kuiweka hali kwa mkono uliondolewa kabisa. Ulistahili kuondolewa.

Halafu kuna jambo ambalo TLS 1.3 imelibadilisha kimyakimya. Katika TLS 1.2, kupeana mikono kwa ukamilifu kukiisha upande wa mteja, mteja ameshaona Finished ya seva iliyotumwa baada ya seva kukagua kila kitu, pamoja na cheti cha mteja. Katika TLS 1.3, Finished ya seva inakuja kabla ya mteja kutuma cheti chake. Mteja anatuma cheti, uthibitisho na Finished kwa mpigo mmoja, kisha `SSL_connect` inarudisha 1. Seva bado haijakisoma cheti hicho. Ikikikataa, au ikikuta mteja hakutuma cheti chochote ilhali kinatakiwa (onyo namba 116), mteja atalijua hilo kwenye `SSL_read` ya kwanza, pengine baada ya kuwa ameshaandika ombi lake lote. Programu inayorekodi "mTLS (TLS ambamo mteja naye huonyesha cheti) imefaulu" mara tu `SSL_connect` inaporudisha 1 inarekodi jambo isilolijua. Ushahidi wa kwanza kwamba seva imekikubali cheti ni data ya programu kutoka kwa seva inayojibu ombi lako.

Tiketi za kikao, zinazomwezesha mteja kuendeleza kikao baadaye, nazo zimehama. Katika TLS 1.3 zinakuja baada ya kupeana mikono kumalizika, na seva ya OpenSSL hutuma 2 bila kuombwa. Matokeo yake ni mengi, na kila moja limeshawahi kuonekana kama kasoro ya mtandao. Kikao unachokichukua kwa `SSL_get_session` mara baada ya kuunganishwa hakiwezi kuendelezwa, kwa sababu tiketi haijafika; chukua kupitia fanksheni unayoisajili kwa `SSL_CTX_sess_set_new_cb`. Soketi inaweza kusema inasomeka, ukaita `SSL_read`, ukaambiwa subiri, kwa kuwa kilichofika kilikuwa tiketi na si data. Na mteja anayeandika kisha kufunga bila kusoma chochote anaweza kuiacha seva ikiandika tiketi kwenye muunganisho uliokufa, nayo ikapigwa SIGPIPE, ishara ya mfumo inayoiua programu, kama haikujikinga.

Fanksheni ya taarifa iliyosajiliwa kwa `SSL_CTX_set_info_callback` ilipitia msukosuko kwa sababu hiyohiyo. Matoleo 1.1.1 na 1.1.1a yalitangaza `SSL_CB_HANDSHAKE_START` na `SSL_CB_HANDSHAKE_DONE` hata kwa jumbe zinazokuja baada ya kupeana mikono, kama tiketi na KeyUpdate (ujumbe wa kubadili funguo). Programu nyingi zilikuwa na ulinzi dhidi ya mteja anayelazimisha kupeana mikono upya katika TLS 1.2: zikiona mwanzo wa pili, zinakata. Zikaanza kukata miunganisho isiyo na hatia. Toleo 1.1.1b liliondoa tangazo hilo; jumbe zenyewe bado zinaonekana, ila mwanzo na mwisho havitangazwi tena. Ukikuta msimbo unaohesabu idadi ya START, angalia unaendeshwa juu ya toleo gani kabla ya kuuamini.

Kosa likitokea, hali haina kurudi nyuma

Thamani inayorudishwa na `SSL_do_handshake` ndiyo chanzo cha kweli cha programu. Moja ni kufaulu. Chochote kingine kinapelekwa kwa `SSL_get_error`, katika uzi (thread) uleule, bila kuita kitu kingine cha OpenSSL katikati:

```c
for (;;) {
    ERR_clear_error();
    int r = SSL_do_handshake(ssl);
    if (r == 1)
        return 0;
    switch (SSL_get_error(ssl, r)) {
    case SSL_ERROR_WANT_READ:
        if (subiri(fd, POLLIN, ukomo)) continue;
        break;
    case SSL_ERROR_WANT_WRITE:
        if (subiri(fd, POLLOUT, ukomo)) continue;
        break;
    }
    funga(ssl, fd);
    return -1;
}
```

`ERR_clear_error` si pambo. `SSL_get_error` inatazama foleni ya makosa ya uzi huo, na kosa lililoachwa humo na muunganisho mwingine linaweza kugeuza "subiri kidogo" ya huu kuwa kosa la kufisha. Seva inayohudumia miunganisho mingi kwenye uzi mmoja huanza kukata watu ovyo, na logi inamtaja asiyehusika.

`ukomo` ni saa ya mwisho ya shughuli nzima, isiyoongezwa kila baiti inapofika. TLS juu ya TCP haina kipima muda chake. Ukiweka sekunde 10 kwa kila kusoma, mtu anayetuma baiti moja kila sekunde 9 atakaa mlangoni kwako atakavyo.

Kilicho muhimu kuliko vyote hapo ni kwamba baada ya `SSL_ERROR_SSL` au `SSL_ERROR_SYSCALL` hakuna kujaribu tena, wala kuita `SSL_shutdown`. Muunganisho unafungwa na kutupwa. Maktaba yenyewe inajilinda kwa kuingia hali ya kosa isiyo na njia ya kutoka, ila ulinzi huo nao umewahi kuwa na pengo. Katika mfululizo wa 1.0.2, kuanzia 1.0.2b, hali ya kosa ilizuia fanksheni za kupeana mikono zinazoitwa waziwazi. Programu iliyopata kosa, ikalipuuza, kisha ikaita `SSL_read` au `SSL_write` moja kwa moja, ilipitishiwa data bila kusimbwa wala kusimbuliwa. Hiyo ni CVE-2017-3737, na ilirekebishwa katika 1.0.2n. Ilihitaji kasoro mbili kukutana, moja ya maktaba na moja ya programu, na ya programu ni ya kawaida mno: thamani iliyorudishwa haikukaguliwa.

Maktaba nyingine, na DTLS

GnuTLS haitoi orodha ya hali kwa programu. Inakupa `gnutls_handshake_get_last_in` na `gnutls_handshake_get_last_out`, yaani aina ya ujumbe wa mwisho ulioingia na uliotoka. Kwa uchunguzi hiyo inatosha, na kwa maoni yetu ni safi zaidi, maana haimshawishi mtu kulinganisha namba. Kosa lolote unalipitisha kwenye `gnutls_error_is_fatal` kabla ya kuamua kurudia. Mbed TLS ina `mbedtls_ssl_handshake_step`, inayosogeza hatua moja tu kila inapoitwa. Inafaa sana kwenye kifaa kidogo kisicho na nyuzi, ambacho lazima kihudumie mambo mengine kati ya hatua na hatua.

DTLS, yaani TLS juu ya UDP, inaongeza mashine ya tatu. Juu ya UDP ujumbe unaweza kupotea, kurudiwa au kufika kinyumenyume, basi kila ujumbe una namba ya mfuatano, na jumbe zinapangwa kwa mafungu yanayotumwa tena pamoja. Kila upande una hali nne: anaandaa, anatuma, anasubiri, amemaliza. RFC 6347, waraka wa DTLS 1.2, inapendekeza kipima muda kianze na sekunde 1 na kiongezeke maradufu kila kinapoisha. Kwenye OpenSSL yenye soketi isiyosubiri, kipima muda hicho hakijiendeshi: programu inauliza `DTLSv1_get_timeout` isubiri kwa muda gani, na muda ukiisha inaita `DTLSv1_handle_timeout`. Ukisahau, kila kitu kinafanya kazi kwenye meza ya majaribio ambako hakuna pakiti inayopotea, na kinaganda kwenye mtandao wa simu.

Tena hapa "imekwisha" ina mkia. Aliyetuma fungu la mwisho, ambaye katika kupeana mikono kwa ukamilifu ni seva, hajui kama limefika. Hali yake inasoma imemaliza, lakini mteja anaweza kuwa bado anasubiri na atarudia fungu lake mwenyewe. Seva ikilitupa kama ujumbe uliopitwa na wakati, mteja hatamaliza kamwe. Kwa hiyo inatakiwa ilitunze fungu lake la mwisho kwa angalau mara mbili ya MSL ya TCP (muda mrefu zaidi ambao pakiti hudhaniwa kuishi mtandaoni), ambayo kwa MSL ya kawaida ya dakika 2 ni dakika 4, na ilitume tena kila inapoona marudio.